Mtani Haombi Ngoma Yake

Stefania Mihayo alifungwa mechi ya ufunguzi wa Ligi ya Vyuo mwaka jana. Usijaribu kumwambia kwamba waliocheza ni wasichana wa chuo, na kwamba yeye alikuwa ameketi kwenye benchi la mashabiki na kanga yake begani. Atakutazama kama umemtukania mama. Alifungwa yeye. Na kwa kufungwa kwake, ngoma ya babu yake ilipakiwa kwenye basi la Handeni huku akiiona, ikaenda zake, na mwaka mzima Korogwe haikuisikia tena.

Ngoma yenyewe ukiikuta mahali utaipita. Ndogo, ya kubana kwapani, na ngozi yake imefubaa kama kisigino cha mkulima. Lakini mzee Mihayo aliibeba kutoka Unyamwezi alipokuja kuwa manamba, wale watu waliosombwa kutoka mbali na kupewa namba ili wakate mkonge. Wenzake walikuja na blanketi, yeye akaja na ngoma. Jumapili ilikuwa ikilia kambini, Wabena wakacheza, Wangoni wakacheza, na Jumatatu kila mtu akarudi kwenye miba. Stefania alizaliwa kambini hapo hapo. Mkonge ulipoanguka na nyumba za kambi zikabaki kuta, alipata kazi ya kupika katika Chuo cha Nguzo Nne mjini Korogwe, akapika mpaka akastaafu, na miaka yote hiyo ngoma ilikaa jikoni kwenye msumari juu ya magunia ya maharage.

Uwanja wa mpira wa kikapu uko nyuma ya jiko la chuo. Mara ya kwanza Stefania aliona ni wazimu, wasichana wazima wanagombea mpira, wakiupata wanautumbukiza kwenye kikapu kilichotoboka. Haikupita muda akawa anajua faulo zote. Haikupita muda tena akawa anamfundisha refa kazi. Siku moja vijana wake walikuwa wamezidiwa, hakuna wa kuwashangilia ila mbuzi wa mlinzi, akaichomoa ngoma kwenye msumari, akatoka nayo na aproni yake, akawapigia ule mwendo wa Jumapili wa kambini, wa haraka, unaopanda. Wasichana wakakimbia kama wamechomwa. Tangu siku hiyo mwendo ule ukawa na maana moja tu pale Nguzo Nne: acha kulinda, nenda mbele.

Na tangu siku hiyo pia Korogwe ikapata mama wa mashabiki, na Handeni ikapata adui.

Adui alikuwa Nicolaus Mdoe, dereva wa basi la Chuo cha Mawe Matatu cha Handeni. Alipoleta timu yake mara ya kwanza, alikaribishwa jikoni, akaonja maharage, akauliza kwa sauti ni nani aliyefia ndani ya sufuria. Stefania akaweka upawa chini. "Wewe kabila gani?" Akajibu, "Mzigua." Stefania akacheka mpaka akashika meza. "Ndiyo maana. Mtu aliyelelewa kwa bada, huo ugali wenu wa muhogo, atayajulia wapi maharage?"

Basi ikawa hivyo. Wanyamwezi na Wazigua ni watani tangu zama za misafara, na mtani, kama hukulelewa hivyo, ni mtu mwenye ruhusa ya kukutukana mchana kweupe, akamchukua jogoo wako bandani, na wewe usiende kokote kushtaki, kwa kuwa ruhusa hiyo hiyo unayo wewe kwake. Siku ukifa ndiye anayekuja kuchimba kaburi, kuteka maji, na kuwachekesha wafiwa wasikufuate. Mdoe na Stefania waliutia utani wao kwenye kikapu. Kila ligi ikifunguliwa, timu zao ndizo zilizoanza, na aliyefungwa alitoa kitu. Mdoe alichukua jogoo. Akachukua kigoda. Akachukua kanga ya sikukuu na sufuria la ubwabwa. Mwaka mmoja alichukua mlango wa banda la kuku, akasema jogoo hayupo, mlango unalinda nini?

Stefania naye alishinda mara moja moja, usidhani. Lakini hizo mara ukizitaja anakasirika, maana zilikuwa chache.

Mwaka jana Mdoe alisimama katikati ya uwanja kabla ya mechi, akatangaza kwamba safari hii hachukui kitu kwa Mnyamwezi, kwa sababu Mnyamwezi amebaki na meno mawili na yote yanatikisika. Uwanja mzima ukacheka. Damu ikamchemka Stefania. Akainyanyua ngoma juu ya kichwa, akasema, "Basi chukua hii, kama wewe mwanamume." Rafiki yake Zuena, fundi cherehani wa sokoni Manundu, alimvuta kanga, lakini neno lilikwisha toka. Mtu baki unaweza kumwambia baadaye kwamba nilikuwa natania. Mtani humwambii hivyo. Atakujibu, na mimi natania, lete ngoma.

Kwa hiyo mwaka huu Stefania alikuwa na jambo moja tu kichwani, ngoma irudi. Alilisema sokoni, alilisema kanisani kwenye maombi ya kila mtu, mpaka Padri akamwomba aombee na mengine. Kila alipompigia Mdoe simu kumtukana, yule bwana alisogeza simu karibu na ngoma akaigonga ovyo, du, du, du, kisha akakata. Stefania alikuwa akibaki ameshika simu, anaitukana hewa, na siku yake yote inachangamka.

Na mji ulikuwa na matumaini, kwa sababu ya Simaloi. Binti wa wafugaji wa nyika ya Handeni, yuko mwaka wa pili, na hata si mrefu kama watu wanavyotarajia, amechoka kuulizwa. Ana mikono yenye akili. Mpira ukimfikia unatulia. Waendesha bodaboda wa stendi walimjua kwa jina, na wakufunzi walikuwa wakiahirisha vipindi wakamtazame mazoezini. Wasiwasi wao ulikuwa mmoja, kiherehere. Simaloi alikuwa anawahi mno kukimbilia mbele, akamwacha mtu wake nyuma. "Hilo umemfundisha wewe," kocha alikuwa akimlaumu Stefania. "Mwaka jana kabla ya ligi ulimpigia ngoma mazoezini mpaka ikamwingia miguuni." Stefania akajibu kwamba mguu usiosikia ngoma ni gongo.

Alhamisi asubuhi, siku mbili kabla ya mechi, simu iliita. Namba ya Mdoe. Stefania aliipokea kabla ya kumeza chai.

"Mla bada, umeamka? Umeshaifuta vumbi ngoma yangu?"

Aliyejibu hakuwa Mdoe. Sauti ngeni, ya kijana, ikasema, "Shikamoo, bibi. Mimi Fabiani, mtoto wa mzee Mdoe. Nampigia kila mtu aliyeko kwenye simu ya baba. Baba amefariki usiku."

Zuena alimkuta amekalia ndoo uani, chai imepoa. Hakuwa analia. Alikuwa amekasirika, nami nakwambia, hasira ile ilikuwa ya kweli.

"Amekimbia," alisema. "Ameiona Jumamosi inakuja, amekimbia. Mzigua ni Mzigua tu."

"Stefania, mtu amekufa."

"Najua amekufa. Ndiko alikokimbilia."

Zuena akakaa chini karibu yake. Akasema kwa upole kwamba huenda Mungu ana njia zake, maana huyo kijana hana haja na ngoma, ataitoa tu ukimwomba. Stefania akamgeukia.

"Halafu mimi nikifa nani atakuja?"

"Tutakuja sisi. Chuo kizima kitakuja."

"Ninyi mtalia. Kulia kila mtu anajua. Nani atakuja kunicheka?" Akaimwaga chai iliyopoa. "Watani wote niliokuwa nao kambini wamekwisha. Huyu ndiye aliyebaki, naye kajifia. Nitazikwa kimya kama paka."

Ijumaa habari zaidi zikaja. Mazishi ni Jumamosi mchana, kijijini kwao Kwaluguru, na mechi ni siku hiyo hiyo saa kumi jioni, hapo Korogwe. Waandaaji wa ligi walikataa kuisogeza. Mashabiki wa Mawe Matatu walisema hawaji, wao wana msiba. Timu ingekuja peke yake. Na Fabiani, ambaye alisoma bweni tangu mdogo na sasa anafanya kazi ofisini Dar es Salaam, aliwaambia watu kwamba anaomba mambo ya utani yasiwepo. Anataka baba yake apumzike kwa heshima.

"Afadhali," alisema Zuena. "Hawana mashabiki, hawana dereva wao. Kesho tunashinda bila jasho."

"Tunamshinda nani?" Stefania aliuliza. "Wewe ukipiga kelele kwenye nyumba isiyo na mtu, umemshinda nani? Tafuta gari. Tunakwenda Kwaluguru."

Jumamosi asubuhi wakaondoka na Noah ya kukodi, Stefania, Zuena, na akina mama wengine wa ukoo wa kambi, wajukuu wa manamba. Stefania alikuwa amevaa jezi ya Nguzo Nne juu ya kanga ya msiba. Zuena alimsihi aivue. Akasema kama Mdoe alitaka aivue angemfunga mwaka huu pia.

Waliiacha lami, wakapita mashamba ya mahindi yaliyokwisha vunwa, wakafika. Watu walikuwa wengi, na kimya. Kimya kile kilimuudhi Stefania kuliko kifo chenyewe. Watu wa Kwaluguru walimjua, wazee walianza kutabasamu walipoiona jezi, kisha wakamtazama Fabiani wakajikaza. Kijana alisimama karibu na jeneza na suti nyeusi, amenyooka, macho makavu, kama mtu aliyeshika glasi iliyojaa na anaogopa kumwaga.

Stefania hakwenda kwenye jeneza. Alipitiliza hadi kaburini. Vijana wawili waliokuwa wamemaliza kuchimba walipomwona wakaelewa. Wakaweka ngazi. Akashuka, goti bovu kwanza, akalala chali chini kabisa, akakunja mikono kifuani.

Jeneza lilipoletwa, kaburi lilikuwa na mtu.

"Limenitosha," sauti ilitoka chini. "Mtafutieni yule lake. Yeye mfupi, hata kwenye shimo la mnazi ataenea."

Katekista alifunga kitabu chake, akavuta kiti, akakaa. Alikuwa amezika Wazigua wengi. Fabiani ndiye aliyesogea ukingoni, na shingo yake ilikuwa imevimba kwa hasira.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Bibi, nakuomba utoke. Niliomba haya mambo yasiwepo. Huyu ni baba yangu, si kichekesho."

"Ni baba yako kweli," alisema Stefania. "Lakini ni Mzigua wangu. Ulipokuwa bweni unakula wali wa shule, mimi ndiye niliyekuwa namtukana. Unadhani alikuwa anatukanwa na nani? Sitoki."

Kuna mzee aliyekohoa ili asicheke. Fabiani akatazama huku na huku, akaona hakuna anayemsaidia, maana hakuna Mzigua atakayemtoa mtani kaburini kwa nguvu. Akashusha sauti.

"Ni ngoma, si ndiyo? Baba aliniambia habari ya ngoma. Nitakupa. Chukua, uende nayo, tumzike baba."

Akatuma mtu ndani. Ngoma ikaja, ikapitishwa kutoka mkono hadi mkono, ikashushwa kaburini. Zuena juu akashika kifua kwa furaha. Kwisha, ngoma imerudi, mchezo bado hata kuanza.

Stefania alikaa kitako chini kule, akaiweka mapajani. Ngozi ilikuwa ya baridi na imelegea; Mdoe hakuwa anaiotesha moto, mjinga yule. Ilikuwa na harufu ya moshi wa nyumba nyingine. Aliipitishia kiganja kwenye ule ukingo aliokuwa akiushika babu yake. Nisikudanganye, aliitaka. Aliitaka mpaka meno yale mawili yakauma. Goti lake lilikuwa linamwambia kwamba mwakani ni mbali.

Kisha akainyanyua juu ya kichwa, kwa mikono miwili, kama mwaka jana.

"Ichukue," akasema. "Sikuja kupewa. Mtani haombi ngoma yake. Anaishinda."

"Sasa bibi unataka nini?" Fabiani sauti ilimpanda.

"Baba yako ana mechi saa kumi. Nimekuja kuuliza, kama yeye hawezi kuja, anakuja nani?" Akawatazama waliozunguka ukingo. "Mmenikalia kimya hapa kama mmefungwa. Mmefungwa lini? Mechi haijachezwa. Nataka mje, ninyi nyote, na misiba yenu kichwani. Mkae upande wenu. Mnitukane. Na wewe, mtoto wa Mdoe, ukae pale alipokaa baba yako, na hiyo ngoma mapajani, niipate mbele ya macho yako. Ukikataa, mwambie Katekista alale, maana na mimi nalala."

Bibi mmoja wa Kizigua, dada yake marehemu, alianza kucheka. Alicheka na machozi yanamtoka, akasema kwamba kaka yake hajapata kuogopa Mnyamwezi hata siku moja, na leo wanamwaibisha. Kicheko kikatembea. Fabiani alilitazama jeneza, akatazama ngoma mkononi mwake. 

"Nitakuja," alisema.

"Apa."

"Naapa, bibi. Toka sasa."

Kutoka ndiko kulikokuwa kazi. Goti lilikataa ngazi, ikabidi vijana wanne wamvute kwa kanga, na njia nzima akiwalalamikia kwamba wanamvuta kama furushi la katani. Alipofika juu alikuwa na udongo mpaka kwenye nywele. Mdoe akashushwa. Stefania alichota udongo wa kwanza, akainama, na waliokuwa karibu walimsikia akisema kwa sauti ya chini, "Mla bada we. Ungengoja siku mbili tu."

Saa kumi jioni Korogwe ilikuwa imejaa uwanjani. Upande wa Nguzo Nne watu walisimama hadi kwenye ukuta wa jiko. Upande wa pili mabenchi yalikuwa matupu, na timu ya Mawe Matatu ilipasha misuli huku ikiangalia chini. Ndipo lori likaingia getini. Wakashuka, wamama wamejifunga kanga za msiba kichwani, wanaume na vumbi la kaburi kwenye viatu. Wasichana wa Handeni walipowaona walianza kulia na kupiga makofi kwa pamoja. Fabiani akashuka mwisho na suti yake. Aliketi benchi la mbele, akaiweka ngoma mapajani kama kifurushi alichoachiwa na abiria mwingine.

Mpira ukarushwa. Na Simaloi akaanza kuwaonyesha watu walichokuja kuona. Aliupokea, akautuliza, akawazunguka, akatumbukiza. Korogwe ikapiga kelele. Nguzo Nne wakaongoza robo ya kwanza, wakaongoza ya pili. Waliokuwa na wasiwasi wakaanza kujidai kwamba tangu mwanzo walijua. Zuena alikuwa anaruka, futi yake ya ushonaji ikimchezea shingoni.

Stefania peke yake hakuwa na raha. Kila Handeni walipofunga, Fabiani aliigonga ngoma kwa ngumi, ikatoa mlio wa boksi lililoloa. Du. Halafu tena, du. Stefania alikunja uso kama mtu anayeumwa jino. Wakati wa mapumziko alinyanyuka.

"Unakwenda wapi?" Zuena alimshika. "Tunaongoza. Kaa."

"Siwezi kuisikia vile. Ile ni ngoma ya babu yangu."

Akavuka uwanja akichechemea, watu wanatazama. Akasimama mbele ya Fabiani.

"Hujaiotesha moto?"

"Ioteshwe moto?"

Stefania alimwangalia Mungu juu. Akaagiza mabua makavu kutoka shamba lililo nyuma ya uwanja, wakawasha moto mdogo pembeni, akaigeuzageuza ngozi juu yake kwa umbali aliojua yeye, mpaka ikakaza. Akaigonga kwa kidole. Ilijibu. Mwaka mzima hakuwa ameusikia mlio ule, na aligeuza uso kidogo kabla ya kuendelea.

"Sasa. Usipige ngumi. Unabisha hodi kwenye nyumba ya watu? Leo ni yako. Kiganja, halafu vidole, halafu kiganja." Akashika mkono wa kijana, akauweka. Na mikono yake mwenyewe ilipotafuta cha kumwonyesha, ilikwenda kule inakojua, kwenye mwendo wa Jumapili wa kambini. Haraka, unaopanda. "Hivi. Rudia. Hivi. Baba yako alikuwa mzito kama gogo, wewe una mkono mwepesi."

Fabiani akarudia. Akakosea, akarudia, akaupata. Kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu. Stefania akarudi kwake ameridhika, na Zuena hakutaka hata kumtazama.

Robo ya tatu, Fabiani akavua koti. Robo ya nne, akakunja mikono ya shati. Wazigua walikuwa wamesimama wote, wanamtukana Stefania kwa Kizigua na Kiswahili, na yeye anarudisha yote, sauti imekauka, anapendeza. Handeni wakasogea, pointi mbili, pointi mbili. Mwisho Nguzo Nne wakawa mbele kwa pointi moja tu, na muda umekwisha kasoro pumzi. Mpira ni wa Handeni. Kazi ya Nguzo Nne ilikuwa moja, kila mtu akae na mtu wake.

Hapo ndipo Fabiani, jasho linamtiririka na machozi ndani yake, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi analia, akafumba macho akaupiga ule mwendo.

Stefania aliujua ubaya kabla ya mtu mwingine yeyote. Aliuona mguu wa Simaloi. Mguu ulisikia ngoma, na mguu ukakimbia. Binti aliondoka mbio kuelekea mbele kama alivyofundishwa, hatua chache tu, akashtuka, akageuka. Mtu wake alikuwa peke yake chini ya kikapu na mpira mikononi. Ukaingia. Filimbi ikalia.

Nguzo Nne wamefungwa kwa pointi moja.

Upande wa Korogwe walikaa chini mmoja mmoja. Simaloi alikuja hadi kwenye benchi, uso umelowa. "Bibi, nilisikia ngoma."

"Ulisikia vizuri, mwanangu," alisema Stefania. "Mwakani tutakufundisha uziwi."

Zuena hakuweza kuvumilia. "Ngoma umeishika kaburini, ukairudisha. Ilikuwa mbovu, ukaitengeneza. Mwendo hakuujua, ukamfundisha. Umejifunga mwenyewe, Stefania. Wale hawakukufunga."

"Nimejifunga," alisema Stefania. "Na hata ningerudishwa asubuhi ya leo ningefanya vile vile. Asiyekubali kushindwa si mshindani, wanasema. Mimi sijakubali, na mshindani ni mimi. Si kuna mwakani?"

Lakini mikono yake ilikuwa imekamata ukingo wa benchi, na Zuena aliiona, akaufunika mmoja kwa mkono wake.

Fabiani alikuwa anavuka uwanja, ngoma kwapani. Watu wakampisha. Wengi walidhani anakuja kuitoa. Ndivyo angefanya kijana mwenye adabu, na asubuhi ile alikuwa kijana mwenye adabu sana. Akasimama mbele ya Stefania. Hakumwamkia.

"Mnyamwezi," alisema.

Zuena alishtuka. Mama mtu mzima, na mtoto hata shikamoo hana.

"Mpagazi wewe uliyesahau mzigo njiani," Fabiani aliendelea, na sauti ilikuwa inamtetemeka kwa sababu alikuwa hajawahi kumsemea mtu mzima hivyo. "Ngoma naondoka nayo. Mwakani njoo na hayo meno mawili, nayo niyachukue. Na ukiona mwakani ni mbali, ukafa kabla, usiwe na wasiwasi. Nitakuja. Nitalala kwenye kaburi lako, nitapiga ngoma hii mpaka watu wako wakome, na sitoki."

Stefania alimtazama. Tangu Alhamisi hakuwa ametoa chozi, si kwenye ndoo, si kaburini, si kwenye filimbi. Sasa yalimwagika, hakuyafuta, yakashuka kwenye udongo wa Kwaluguru uliokuwa bado mashavuni.

"Mla bada," alisema, alipoweza. "Ukija, uje umeiotesha moto."